Mikoko ya pwani kame: kihisi cha kudumu au kupima kwa mkono?

Maji ya bahari kwa kawaida yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Kaskazini mwa Bahari ya Shamu hufika 40, na ndani ya tope la mikoko huweza kupita hapo, hasa siku za maji mafu, yaani bahari inapojaa kidogo tu, isipofika kwenye michu (aina ya mikoko) iliyo nyuma na jua likizidi kukausha ardhi.

Hapo kihisi cha kudumu, yaani kifaa cha kupimia kinachoachwa majini, kinafaa sana. Kinarekodi kina, joto na chumvi usiku na mchana, ukaona chumvi inavyopanda kati ya bamvua (siku za maji makubwa) moja na nyingine. Lakini mwani na chaza hukivamia, namba zikapotoka polepole bila dalili. Hilo linanitisha kuliko kihisi kilichozima kabisa.

Kupima kwa mkono kunachosha, na usiku huachwa. Hata hivyo unachimba kishimo karibu na mizizi, unasubiri maji yajikusanye, unadondosha tone kwenye rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda. Unaona pia fuwele za chumvi juu ya majani ya mchu.

Kwa upepo na joto la hewa, chagua kituo kinachojiendesha. Kwa maji, ningeanza na mkono, kisha niongeze kihisi kimoja kinachosafishwa kila bamvua.