Fuelio: hesabu ya mafuta kabla ya kwenda Moshi na familia

Ubora wa Fuelio, programu ya simu ya kurekodi mafuta ya gari, ni kwamba haikisii ulaji wa gari, inaupima. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita za kwenye dashibodi, endesha, kisha jaza tena hivyo hivyo. Odometa ikitoka 84,120 hadi 84,530 na tangi likapokea lita 36.9, gari linakula lita 9 kwa kilomita 100. Hiyo ndiyo namba ya kuamini, si ile ya muuzaji wa gari.

Kasoro kubwa hutokana na mtumiaji. Ukiweka mafuta ya elfu thelathini bila kujaza tangi, ondoa alama ya tangi kujaa; ukiiacha, programu itaonyesha gari linakunywa kidogo kupita ukweli, na bajeti itakwama njiani.

Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560. Kwenda, kurudi na mizunguko ya huko, weka 1,200: lita 108. Tuseme lita ni shilingi 3,000, hiyo ni 324,000. Ila namba ya safari za mjini ukiwa peke yako haibebi watu watano, mizigo kwenye keria na kiyoyozi. Ongeza asilimia 15: 372,600.

Bei iandike mwenyewe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mji una yake. Ukiondoka Jumanne ya kuamkia siku hiyo, bei ya kurudi inaweza kuwa nyingine.