Duka la Kuchapa na Kujalidi Vitabu Chake Chake: Maoni ya Sheha Mstaafu

Nilikuwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala huku kwetu Zanzibar, kwa miaka 17 katika Wilaya ya Micheweni, Pemba, na kumbukumbu za kazi hiyo zilikuwa zimelala katika madaftari manne ndani ya sanduku la mbao, mpaka mwanangu anayeishi Unguja aliponishikilia nizipeleke zikachapwe. Naandika kuhusu duka la steshenari lililofanya kazi hiyo, karibu na soko la Chake Chake, kwa kuwa najua wapo wastaafu wenzangu wenye masanduku kama langu.

Bei yao haina mafumbo: shilingi 1,000 kwa kila ukurasa unaotaipiwa, na kujalidi hulipiwa mbali. Kwa anayetegemea mikarafuu michache ya urithi, kurasa 118 si fedha ndogo, lakini kazi yenyewe ilikuwa nzito. Madaftari mawili ya mwanzo niliyaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyozoezwa chuoni tulikosomeshwa Kurani, tena bila ya irabu. Duka nililolijaribu kwanza lilinirudishia madaftari yangu siku ya pili bila ya maelezo. Hapa, binti anayetaipu aliniambia, “Babu, wewe soma, mimi nitaandika,” akaniwekea kiti pembeni ya kompyuta, nami nikamsomea kwa asubuhi sita.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu zaidi ni ile ya marehemu Maalim wangu, aliyenishika mkono nilipokuwa bado kijana wa kutumwa. Maalim alikuwa hasikilizi kesi ya shamba akiwa barazani kwake. Aliwachukua wagomvi baada ya sala ya alasiri, akawakalisha chini ya mkarafuu uleule wanaougombea, akamtaka kila mmoja aseme ni nani aliyeupanda na ni nani aliyekuwa akiuchuma. Kwetu ardhi huweza kuwa na mwenyewe na mti ukawa na mwenyewe mwengine, na zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zimesharithiwa na wajukuu, mara nyingi kwa maneno ya mdomo tu, kwa hiyo sheha anayeamua kwa kutazama karatasi peke yake hujitafutia kesi ya pili. Binti aliniomba nirejee maneno hayo mara mbili, na sidhani kama ilikuwa kwa ajili ya kutaipu tu.

Kasoro zipo. Kila nilipotamka “skuli” yeye aliandika “shule”, na tungule za mke wangu zikageuka “nyanya”. Nilimwambia kuwa mimi sikusoma shule, nimesoma skuli, akacheka na kuyarejesha yote. Nakala ya kwanza ilijalidiwa kwa gundi, na kurasa zikaanza kuchomoka kabla gari ya Konde haijanifikisha nyumbani. Walijalidi upya kwa uzi bila ya malipo, ingawa ingelikuwa bora waniulize tokea mwanzo.

Lakini jambo linalonifanya nilisifu duka hili halimo katika orodha yao ya bei. Siku ya tano nilikuwa nikisoma habari za watu waliokuwa wakinigongea mlango saa nane za usiku, huyu kafiwa, yule kapigana na nduguye, na binti akasimamisha vidole vyake akauliza, “Babu, nani alikuwa akiwafungulia?” Nilinyamaza. Aliyekuwa akiwafungulia ni mke wangu, naye hakuwamo hata katika daftari moja. Jioni ile nilimuuliza anakumbuka nini, akanitajia waliokuja bila ya viatu, waliohitaji uji kabla ya kusema neno, na mwanamke mmoja ambaye alimlaza chumbani kwa watoto wetu kwa siku tatu bila ya mimi kujua sababu yake hasa. Kurasa tisa za mwisho ni zake, na binti alizitaipu bila ya kuongeza hata shilingi.

Nimeagiza nakala sita, tano za watoto na moja ya kubaki nyumbani. Hiyo ya nyumbani nimetaka ijalidiwe kwa uzi, na jina la mke wangu liandikwe juu ya jalada pamoja na langu. Nimeambiwa niifuate Jumatano.