Uzoefu Wangu na Fundi wa Vitufe vya Piano Kuukuu, Mombasa

Kwa kazi ya mbao, fundi wa Majengo aliyetukarabatia piano anastahili sifa zote. Kwa kazi ya kurudishia sura ya vitufe, ningemtaka ajitahidi zaidi. Piano yenyewe ni ya kusimama, iliundwa Uingereza, na ina vitufe 85, si 88 kama za siku hizi.

Kitufe tunachokiona ni ncha tu ya ubao mrefu unaoingia ndani, na karibu na katikati ubao huo una tundu la pini ambayo ubao huinama na kuinuka juu yake. Tundu hupunguza nguvu ya ubao, na vyetu vilivyovunjika vyote vilikatikia hapo. Kimoja kilikuwa na msumari uliopigwa na fundi wa zamani, nao ulikuwa umezidisha ufa. Huyu aliung'oa, akakwangua gundi kuukuu, akaunga vipande na kuvibana mpaka kesho yake, kisha akaambatisha vibao vyembamba ubavuni na kutoboa tundu upya. Tulikuwa kwenye masika, gundi haikauki upesi, naye hakukubali kuharakishwa.

Vitufe vilivyokuwa vikibonyezwa vikabaki chini havikuwa vibovu. Unyevu wa pwani huvimbisha kitambaa cha sufu kilichomo ndani ya matundu, kikaikaba pini. Nilipomtajia mafuta ya cherehani aliniangalia kwa huruma. “Mwalimu, mafuta usitie kamwe,” akasema, akakiminya kitambaa kwa koleo jembamba, kitufe kimoja baada ya kingine.

Kasoro ni vifuniko vinavyobandikwa juu ya vitufe. Vya asili ni vya pembe za ndovu, vipande viwili viwili vyenye mstari mwembamba wa kiungo, na pembe mpya haitafutwi: biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Kenya iliteketeza tani 105 jijini Nairobi mwezi Aprili 2016. Palipokosekana pembe alibandika plastiki, ambayo ni nyeupe mno na imejitokeza kama meno ya bandia. Angeweza kubandua vifuniko vya nota za juu kabisa, zisizoguswa mara nyingi, akavileta kwenye vitufe vya katikati vyenye umbo lile lile, na plastiki akaipeleka huko pembeni. Nilimwomba hivyo, alisema vitapasuka, wala hakujaribu hata kimoja.

Hutoza kwa kila kitufe, huja nyumbani, na kupatanisha sauti za nyuzi ni malipo mengine.