Usiku wa galaksi upande wa Bahi: mwongozaji bora, kipeperushi kirekebishwe

Katikati ya Oktoba, kabla mvua hazijaanza, nilihudhuria usiku wa kutazama nyota katika nyumba moja ya wageni upande wa Bahi, mbali na taa za jiji la Dodoma. Mwongozaji hakuanza na picha. Alitusubirisha hadi saa tano usiku, kwa kuwa wakati huo Wingu Dogo la Magellan, ambalo nalo ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, huwa linakaribia kimo chake cha juu upande wa kusini na galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini, hivyo kwa kugeuka tu mtu huona aina mbili za galaksi zisizofanana hata kidogo.

Wingu hilo, ambalo kwa macho matupu lilionekana kama moshi mwembamba, ni galaksi isiyo na umbo maalumu. Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, ina mikono inayokizunguka kitovu chake, ingawa darubini ya pale huonyesha kitovu na ukungu tu, jambo ambalo mwongozaji alilisema mapema na kwa uaminifu. Kando yake tuliiona M32, galaksi ndogo ya duaradufu, yaani yenye umbo kama la yai. Ndipo alipochora mchangani mpangilio uliotokana na kazi ya mwanaastronomia Edwin Hubble ya mwaka 1926, akaufananisha na manati: kwenye mpini zimekaa duaradufu, kuanzia E0 inayoonekana mviringo hadi E7 iliyobapa, kwenye panda moja zenye mikono, kuanzia Sa iliyojikaza hadi Sc iliyoachia, na kwenye panda ya pili zile ambazo ufito wa nyota hukatiza kitovuni, kama ilivyo galaksi yetu, Njia Nyeupe. Sijawahi kuelezwa jambo hili vizuri namna hiyo.

Viti na chai vilitosha. Kasoro kubwa ni kipeperushi kinachotolewa mapokezi, kinachodai kwamba galaksi huzaliwa duaradufu kisha huota mikono kadiri zinavyozeeka. Mpangilio huo hueleza maumbo, si umri. Tena duaradufu nyingi kubwa hufikiriwa kuwa zilitokana na galaksi zilizogongana na kuungana. Niliumia kuona wanafunzi wa sekondari waliokuwa nasi wakilinakili kosa hilo madaftarini, na nimewaomba wenye nyumba wakiondoe kipeperushi hicho kabla ya kundi la mwezi mwandamo ujao.