Konyeza wa kufuga nyumbani Mombasa: nunua yupi, mwache yupi

Nilipomwambia ami yangu, mvuvi mstaafu, kwamba nimenunua konyeza, yule kiumbe laini wa baharini mwenye umbo la mwavuli, aliweka kikombe cha kahawa chini. "Mwanangu, mdudu mimi nikimkuta wavuni namkung'uta huku namlaani, wewe wenda kumlipia?" Kisha akavuta kiti mbele ya tangi, na hakuondoka mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Tangu hapo kila mgeni wangu huuliza anunue yupi. Mimi humjibu kwa swali: chumba chako kina joto gani saa nane mchana mwezi wa Machi? Video nyingi za kufuga konyeza zimepigwa kwenye nchi za baridi, ambako shida ya mfugaji ni kuongeza joto. Kwetu ni kinyume. Bahari yenyewe hapa huwa nyuzi 25 hivi kusi likikaza, na hufika 29 au zaidi kaskazi linapoishia. Tangi dogo chini ya taa, ndani ya nyumba ya mabati au ghorofa ya juu, hupita hapo. Kwa hivyo orodha hii nimeipanga kwa joto kwanza, uzuri baadaye.

Wa kwanza: konyeza kichwachini, kwenye tangi la kawaida

Kitaalamu anaitwa Cassiopea. Makao yake ni maji ya joto yasiyo na kina, penye mikoko na majani ya bahari. Haelei kama wenzake. Hulala chali sakafuni, mwavuli chini, mikono yenye vishada juu, kama ua lililosahaulika kwenye matope. Ndani ya mwili wake mna mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, naye hula humo. Ndiyo maana namweka juu ya orodha: nyuzi 25 mpaka 29 hazimsumbui, chakula chake kingi ni taa, na kwa kuwa hakai akielea, hahitaji tangi la duara.

Tangi lake fundi wa vioo wa mtaani anaweza kukuundia. Mwambie akupe upana, si kimo. Langu lina urefu wa sentimita 60 na upana wa 40, maji nimejaza sentimita 30, yaani lita 72. Piga hesabu kabla ya kuchagua meza: maji ya bahari peke yake hapo ni kilo 74, bado kioo na mchanga. Mwambie fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile ya bafuni ina sumu kwa viumbe, kisha uache tangi likauke wiki nzima. Filta ya sponji yatosha, mradi ukingo wa konyeza usivutwe na mdomo wa pampu. Zungushia wavu laini.

Pesa uliyookoa kwenye tangi itie kwenye taa. Taa hafifu ya mapambo humfanya apauke na kusinyaa, maana konyeza mwenye njaa hapungui unene tu, hupungua mwili mzima. Nunua taa ya LED ya matumbawe, na kidude cha saa cha kuiwasha na kuizima, saa 10 hadi 12 kwa siku.

Na usiku izime kweli. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha Caltech, kule California, walionyesha kwamba kiumbe huyu asiye na ubongo hulala: mchana mwavuli wake hupiga kama mara 58 kwa dakika, usiku mara 39 hivi. Sikuamini. Nikakaa baada ya isha na tochi nyekundu na saa ya mkononi, nikahesabu wangu mkubwa: 41. Mchana wake nilipata 60.

Kasoro anayo. Akichokozwa hutoa ute wenye chembe za kuwasha, hata ukiwa hukumgusa unasikia mkono unakuchonyota. Vaa glavu, na watoto wasitie mikono.

Wa pili: konyeza madoa, kwenye tangi la duara

Mastigias papua naye ni wa maji ya joto, naye ana mwani mwilini. Ndugu zake wa ziwa moja la visiwa vya Palau hulifuata jua kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine kila siku. Huyu anaogelea, na ni mzuri kuliko kichwachini, sibishi.

Tatizo ni nyumba yake. Konyeza anayeelea akifika kwenye pembe hakwami tu, huchubuka. Anataka tangi ambalo maji huzunguka polepole bila kona. Wataalamu huliita Kreisel, neno la Kijerumani lenye maana ya pia, ile wanayochezea watoto. Fundi wetu wa vioo hawezi kukunja hilo. Utaagiza la akriliki kutoka nje, na usafiri huenda ukakuuma kuliko tangi. Ukipata lililotumika, liangalie mikwaruzo ndani, na uwashe pampu dukani ukiwa umesimama hapo. Dondosha punje chache za chakula: zikizunguka zote bila kurundikana, chukua. Zikikusanyika chini, konyeza wako pia atakusanyika hapo.

Kiputo cha hewa ni adui hasa. Kikiingia chini ya mwavuli hakitoki, hupanda taratibu na kutoboa tundu juu kama moto wa sigara kwenye nailoni. Tangi la duara lenye jiwe la hewa ndani, mwachie mwenye duka.

Wa tatu: wa bandia

Sicheki. Ile taa ya silinda yenye konyeza wa silikoni hugharimu kidogo sana, haina chumvi, na mtoto wa miaka minne haoni tofauti. Kama ulichotaka ni mwanga wa buluu sebuleni, umemaliza.

Wa nne: konyeza mwezi na mashine ya kupozea

Aurelia ndiye yule mweupe mwenye duara nne kama kwato katikati, ambaye kila mtu humtaka. Wanaouzwa kwa wingi wamezoea maji ya baridi, chini ya nyuzi 24, na wengi hukaa vizuri zaidi kwenye 18. Hapa utahitaji mashine ya kupozea maji, ambayo ni friji ndogo inayofanya kazi mchana na usiku na kutema joto lake chumbani mwako. Feni juu ya maji hupunguza nyuzi mbili tatu, lakini kwa unyevu wa Mombasa huenda usipate hata hizo.

Nilikuwa nao watatu. Stima ikapotea saa tano usiku, nami nimelala fofofo. Asubuhi kipimajoto kilisoma 29. Wawili walikuwa wamejikunja nje-ndani, wa tatu sikumwona kabisa. Ilikuwa povu kidogo kwenye filta. Kosa langu, sikuwa na inverta. Kama huna inverta ya kubeba kompresa, usianze.

Usinunue kabisa: chupa ya mezani

Vile vitangi vya lita tatu au tano, "konyeza wa ofisini". Maji machache hupata joto haraka na kuchafuka haraka. Konyeza hula wanyama wadogo, na masalia yake hugeuka amonia, ambayo ni sumu kwake. Katika lita tano huna nafasi ya kukosea hata mara moja.

Mengine ya kutia kwenye kikapu

Kipimo cha chumvi ni lazima. Unataka uzito wa maji, ukilinganishwa na maji matamu, uwe 1.024 mpaka 1.026. Maji ukiyachota baharini, chota maji yakijaa, bamvua likiwa limesukuma maji ya nje, mbali na mdomo wa hori na mbali na bandari. Wakati wa masika usichote, mvua huyapunguza chumvi. Vinginevyo nunua chumvi ya akwaria, gramu 35 hivi kwa lita. Yanayopungua kwa mvuke yajazie maji ya kuchujwa yale ya dumu la lita 20 kutoka kibandani. Usijazie maji ya bahari, kwa sababu chumvi haikuondoka, wala ya kisima, mengi yetu yana chumvi yake.

Chakula ni Artemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi, unaowaangua mwenyewe kutoka mayai ya kopo. Kijiko kidogo, chupa iliyokatwa kitako na kupinduliwa, maji ya bahari, hewa, na baada ya saa 24 una vumbi la rangi ya chungwa linalotembea. Walishe kwa sirinji isiyo na sindano. Kichwachini mara tatu kwa wiki yamtosha.

Kuhusu wapi: nunua kwa mwenye leseni, na mwulize karatasi. Ndani ya Hifadhi ya Baharini ya Mombasa, iliyotengwa tangu 1986, hachukuliwi kiumbe wala kombe tupu.

Tangi litangulie wiki nne hadi sita, mpaka amonia na naitraiti, sumu mbili zitokanazo na uchafu, zisome sifuri. Konyeza aje baadaye. Dukani chagua anayepiga mwavuli kwa mpigo mmoja, kingo nzima, rangi haijapauka. Mfuko ujazwe maji mpaka juu, hewa isibaki. Ukifika nyumbani uelee tangini nusu saa, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mfungulie ndani ya maji bila kumwinua hewani. Kichwachini atazama kama sahani, ataanguka vibaya, utadhani amekufa. Usimguse. Dakika chache tu, atajipindua mwenyewe.