Proposition B ya San Diego: tathmini ya mpango wa kustaafu uliopitishwa kwa kura

Alama: 2 kati ya 5.

Juni 2012 wapiga kura wa San Diego, California, waliupitisha mpango huu kwa karibu theluthi mbili ya kura. Mfanyakazi mpya wa jiji hakupewa tena pensheni ya kila mwezi ya maisha yake yote, bali akaunti ya akiba ya mtindo wa 401(k), yaani akiba ya kustaafu inayowekezwa sokoni kwa jina la mfanyakazi mwenyewe. Polisi wapya ndio walioachwa kwenye pensheni, na yao ikawekewa ukomo wa asilimia 80 ya wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo mikubwa.

Akaunti yenyewe kwa michango si haba. Mfanyakazi wa kawaida alikatwa asilimia 9.2 ya mshahara, na jiji liliweka kiasi hicho hicho. Kwa wazima moto ukomo wa mchango wa jiji ulikuwa asilimia 11. Aliyelipwa dola 60,000 kwa mwaka alichangia 5,520, jiji 5,520, jumla 11,040. Waajiri binafsi wengi wa Marekani hawachangii nusu ya asilimia hiyo.

Kasoro iko chini yake. San Diego ilijitoa kwenye Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali ya Marekani, mwaka 1982. Mfanyakazi wa kampuni binafsi mwenye 401(k) ana malipo ya serikali ya kila mwezi ya kumshikilia soko la hisa likianguka mwaka anaostaafu. Wa jiji hakuwa nayo. Angeishi hadi miaka 95, akaunti ingeweza kukauka kabla yake. Kikokotoo cha pensheni huzidisha miaka ya kazi, asilimia fulani na wastani wa mshahara, na mfuko ukipungua mwajiri ndiye anayejazia. Mpango huu ulimhamishia mfanyakazi hatari hiyo nzima bila kumwachia sakafu yoyote. Nyota mbili za kwanza zimepotea hapo.

Wengi waliamini kura ingefuta deni la pensheni. Haiwezi. Kuwafungia wapya mlango hakupunguzi ahadi waliyopewa walio ndani, na mahakama za California zimezilinda ahadi hizo kwa msimamo uliokaziwa na hukumu ya 1955. San Jose, jiji jingine la California, ilijaribu kugusa mafao ya waliokuwa kazini kwa Measure B, pendekezo lake lenyewe la kura la Juni hiyo hiyo ya 2012. Desemba 2013 hakimu akavifuta vipengele vyake vikuu. Waandishi wa San Diego waliliepuka shimo hilo, na wanastahili sifa. Nafuu ya haraka waliitafuta kwingine: kuuzuia kwa miaka mitano, hadi 2018, mshahara unaoingia kwenye hesabu ya pensheni usipande.

Nyota ya tatu imepotezwa na utaratibu, na kosa hili lilikuwa la kuepukika kabisa. Kurekebisha katiba ya jiji, kama mpango huu ulivyofanya, kwa ombi la wananchi huhitaji sahihi za asilimia 15 ya wapiga kura walioandikishwa. Njia ya pili ni baraza la jiji kuliweka pendekezo kwenye kura lenyewe, lakini tangu hukumu ya mahakama katika kesi ya Seal Beach ya 1984 baraza lazima lijadiliane kwanza na vyama vya wafanyakazi. Ombi la wananchi halina sharti hilo. Meya Jerry Sanders alilitangaza pendekezo, akalipigia debe akiwa ofisini, kisha likapelekwa kama la raia. Yeye ndiye aliyekuwa na jukumu la kujadiliana na vyama kwa niaba ya jiji! Agosti 2018 Mahakama ya Juu ya California, majaji wote kwa kauli moja, ikasema alipaswa kukutana navyo. Miezi michache ya mazungumzo, hata yangeishia bila makubaliano, ingeondoa hoja hiyo.

Anayetaka kutumia njia hii asimruhusu kiongozi mwenye mamlaka ya majadiliano kuandika rasimu, kuitangaza au kuichangishia fedha kwa cheo chake. Akihitaji nguvu ya kiongozi huyo, basi apite barazani na kukaa mezani na vyama.

Mapema 2021 mahakama iliubatilisha mpango, na Julai mwaka huo jiji likafungua tena pensheni kwa waajiriwa wapya. Kwa walioathirika, mahakama ya rufaa ilikuwa imeagiza walipwe tofauti kati ya walichopata na ambacho wangepata bila mpango huu, pamoja na riba ya asilimia 7 kwa mwaka, hesabu inayopaswa kupigwa mfanyakazi mmoja mmoja.