Spesa ya Inhela ya Steroidi: Inachokinga na Isichokinga

Anayetumia inhela ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, kama kwa wenye pumu) miaka nenda miaka rudi anavuta dawa ya mapafu, lakini sehemu kubwa ya dawa hiyo huishia kooni. Inhela ya kubonyeza huitoa dawa kwa kasi, na isipotulizwa njiani matone makubwa hugonga nyuma ya koo na kunata hapo; kinachofika mapafuni mara nyingi ni kati ya asilimia 10 na 20 tu. Huko ndiko yanakoanzia madhara mawili yanayolalamikiwa zaidi, yaani utando mweupe wa fangasi kinywani na sauti inayokwaruza. Spesa ninayoieleza hapa, silinda ya plastiki angavu ya takriban mililita 150 yenye vali, huunganishwa na inhela ili kupunguza tatizo hilo, nami nimeitumia vya kutosha kuitolea hukumu.

Kwa fangasi, sina la kuilaumu. Steroidi hudhoofisha kinga ya ngozi laini ya kinywa, na kandida, fangasi ambao watu wengi huishi nao bila kudhurika, hupata mwanya wa kuzaliana. Spesa huyanasa matone makubwa katika kuta zake na kuyaachia yaliyo madogo yaendelee hadi mapafuni. Bado ni lazima kusukutua mara baada ya kuvuta na kuyatema maji hayo (kuyatema, si kuyameza), agizo ambalo mtengenezaji angelichapa kwenye kifaa chenyewe badala ya kulizika katika karatasi ya maelezo ambayo wachache huisoma.

Kuhusu sauti, sifa zangu zinapungua. Ukwaruzaji hausababishwi na fangasi peke yao: dawa inayotua kwenye zoloto, sehemu ya koo inayotoa sauti, yaweza kuiwasha, na hata kudhoofisha misuli ya nyuzi za sauti hata zisikutane barabara mtu anapozungumza. Chembe zote ziendazo mapafuni hazina njia nyingine ila hiyo, iwe kuna spesa au hakuna. Sauti yangu ilipata nafuu, lakini nikizungumza kwa muda mrefu bado huchoka mapema. Mwalimu au mwimbaji anayenunua kifaa hiki kwa ajili ya sauti peke yake asitarajie makubwa. Atafaidika zaidi akimwomba daktari kipimo kidogo kabisa kinachotosha kudhibiti pumu, au ciclesonide, steroidi ya kuvuta ambayo huwa haijakamilika nguvu inapopita kooni na hugeuzwa kuwa kali na vimeng'enya vya mapafu. Kwa kawaida sauti hutengemaa kipimo kikipunguzwa. Kuacha dawa ghafla kwa hofu ya madhara ni hatari kuliko ukwaruzaji wenyewe.

Kisanduku kinadai kwamba kifaa hiki "huondoa madhara ya steroidi", na dai hilo limepita kiasi. Kwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu, utafiti wa TORCH uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliotumia fluticasone, mojawapo ya steroidi za kuvuta, walipata nimonia zaidi, na hilo ni jambo la ndani ya mapafu, mahali ambapo spesa inakusudia dawa ifike.

Katika matumizi ya kila siku kilichonipendeza ni firimbi yake, ambayo hulia mtu anapovuta pumzi kwa haraka mno. Inhela hutikiswa kwanza, kisha hubonyezwa mara moja kwa kila uvutaji, kwa sababu mibonyezo miwili ya pamoja hupoteza dawa nyingi kwenye kuta. Kuosha kunahitaji uangalifu: maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha kuiacha ikauke yenyewe, kwa kuwa kuifuta kwa kitambaa huzalisha umeme tuli unaovuta chembe za dawa zikagandamana na plastiki. Haiingii mfukoni, na hilo ni kero kwa anayesafiri. Wenye inhela za unga wasiinunue kabisa, maana inhela hizo hutegemea mvuto wa nguvu wa mtumiaji mwenyewe na haziunganishwi na spesa. Kwao, kusukutua ndiyo kinga ya kinywa iliyobaki.